Anti anarudi lini?

Nilipofika Mwanza kutoka Mombasa kufanya kazi katika makao ya watoto, mwezi wa kwanza nilikataa kupumzika. Zamu yangu ikiisha nabaki. Jumapili yangu naimalizia kwa kufua nguo za wadogo na kuwasuka wasichana. Mama mmoja mlezi, Msukuma mtu mzima aliyeanza kazi hii mimi nikiwa bado shuleni, aliniambia jikoni huku akikoroga uji: "Mwanangu, ukichoka wewe, watakaolipa ni watoto." Mimi ni mshauri nasaha, ninashughulika na watoto waliotenganishwa na familia zao, na neno lile ndilo ninalowaambia leo wote wanaokuja kufanya kazi hii mbali na kwao.

Uchovu ninaousema si ule wa mgongo na miguu, ambao usingizi huuondoa. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson walichapisha dodoso la kuupima, nalo huangalia mambo matatu: moyo kuishiwa nguvu, kuanza kuwaona unaowahudumia kama vitu, na kuhisi kwamba kazi yako haizai chochote. Katika makao ya watoto naliogopa zaidi lile la pili. Limeshakuingia pale unaposema "wale watano wa chumba cha mwisho" badala ya kuwataja kwa majina yao, au mtoto anapolia usiku na wazo lako la kwanza ni nani yuko zamu. Mtoto aliyewahi kuachwa hulitambua hilo kabla yako.

Lakini kuna jambo la kuliangalia kwa makini. Mlezi akipumzika, maana yake anaondoka, na watoto hawa waliumizwa na watu walioondoka. John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza, alieleza kwamba mtoto huthubutu kwenda mbali kucheza kwa sababu anajua yuko mtu wa kumrudia. Mtu huyo akitoweka mara kwa mara, wapo watoto watakaomng'ang'ania kila anayepita, na wapo watakaojifunga wasimtake yeyote. Utamwona mtoto anamrukia mgeni aliyeingia langoni dakika tano zilizopita, anamkumbatia, anataka kubebwa. Wageni hufurahi, wakadhani wamependwa. Mimi moyo huniuma, kwa sababu wiki mbili zijazo mgeni yule atapanda ndege.

Kosa hilo nami nililifanya. Siku mbili zangu za kwanza za mapumziko niliondoka alfajiri wakiwa wamelala, ili wasilie. Niliporudi nilimkuta mvulana wa miaka 6 amekaa langoni, chakula cha mchana hakukigusa. Nilidhani atanikimbilia. Aliinuka, akaingia ndani, na kwa siku nne hakunisemesha. Kulia angelia, ndiyo, kama ningemuaga. Ila kilio cha kuagana kina mwisho wake, na mtoto anayekuta kitanda cha mlezi kitupu hana pa kuanzia hata kuhesabu.

Tangu siku ile tunahesabu pamoja. Karibu na mlango wa jikoni tuna ubao wenye mistari, na juu yake tunaweka visoda, vile vifuniko vya chupa za soda ambavyo wavulana hapa huchezea drafti. Nikienda siku tatu, naweka visoda vitatu mbele yao, nasema ninakokwenda na saa nitakayorudi. Kila asubuhi baada ya uji mmoja wao anahamisha kisoda kimoja. Siahidi zawadi. Mwanzoni nilikuwa naleta pipi, nikaacha, maana walianza kuutazama mfuko kabla ya kunitazama mimi. Na saa niliyoisema naiheshimu: nikisema kabla ya chakula cha jioni, basi ugali haujaepuliwa nimeshafika.

Mapumziko mengine hayahitaji hata kutoka nje ya lango. Nyuma ya bweni kuna jabali, na Mwanza ni mji wa majabali, nyumba zimepanda juu yake na kujibana katikati yake. Jiwe likipigwa na jua mchana kutwa hubaki na joto hadi giza liingie. Saa kumi na mbili jioni mlezi mwenzangu anawapokea watoto, mimi napanda, nakaa, joto la jiwe linanipanda mgongoni kama mtu anayenikanda. Asubuhi mahali pale ni pa pimbi, wanaota jua kwa mstari. Watoto wananiona kutoka uwanjani, wakiendelea na rede yao, na wanajua kwamba mpaka nipunge mkono hakuna anayepanda. Dakika ishirini tu. Wadogo walichukua wiki kadhaa kulizoea hilo, kisha wakaanza kulilinda: "Msipande, Anti bado."

Usiku wa giza, wakubwa huruhusiwa kukaa nami pale kuhesabu taa za wavuvi wa dagaa. Ziwa huwa kama limeota mji mwingine. Mwezi ukipevuka taa zinapungua, kwa kuwa katika mbalamwezi dagaa hawavutwi vizuri na taa, na wavuvi wengi hupumzika. Msichana mmoja aliniuliza kama wavuvi nao wana visoda vyao. Nikamwambia mwezi ndio ubao wao.

Siku nzima nikiipata, navuka kwenda kisiwa cha Saanane. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ndogo kiasi kwamba unaizunguka kwa miguu bila haraka, na kwa kuwa mimi ni Mkenya nalipa kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki. Siku nyingine napanda kivuko cha Kamanga, naliacha nyuma jiwe la Bismarck, lile lililosimama majini, nashuka upande wa Sengerema, nakula sato wa kukaanga kwa ugali na kurudi. Sina shughuli yoyote kule, na ndiyo raha yake. Ila mgeni usivutwe na maji ukaingia kuoga kwenye matete ya pwani: kichocho kipo ziwani humu. Ukiwa umeshaingia, nenda kituo cha afya upimwe, dawa yake ipo.

Na Ijumaa nikishikwa na hamu ya kwetu, napika mahamri ya iliki na tui. Nazi ya Mwanza imesafiri kama mimi, na bei yake inasema hivyo. Watoto huyaita maandazi ya Anti, nimechoka kuwasahihisha na sasa nayaita hivyo mwenyewe. Wao walikwishanisahihisha mimi: mwanzoni nilikuwa nasema "nipe chumvi" mezani, wanatazamana, hadi mmoja akaninong'oneza kwamba huku tunasema "naomba".

Mwaka huu nilikwenda Mombasa kwa likizo ya visoda kumi na vinne. Basi la kupitia mpaka wa Sirari halikuchelewa kama nilivyotarajia, nikafika Mwanza siku moja kabla. Nilikuwa na furaha ya kuwashtua. Yule mvulana wa langoni, ambaye sasa ana miaka 8, alinitazama, akautazama ubao.

"Shikamoo Anti. Mbona leo? Kimebaki kimoja."

Nilimwambia amesema kweli, nimekosea hesabu, na nikamwomba radhi. Akachukua begi langu akaliingiza ndani. Kisoda hakukigusa. Alikihamisha kesho yake, baada ya uji.