Mbabe na kura ya mvuja jasho: dhana potofu na ukweli

Dhana: Wafanyakazi ndio wanaowaweka madarakani wababe, yaani viongozi wa kisiasa wanaotawala kwa mkono wa chuma.

Ukweli: Wapo wanaowapa kura, tena wengi, lakini hawako peke yao. Marekani mwaka 2016, wapigakura waliohojiwa wakitoka vituoni walionyesha Hillary Clinton, mpinzani wa Donald Trump, akiongoza miongoni mwa wenye kipato cha chini ya dola 50,000 kwa mwaka. Ujerumani mwaka 1932, vibarua wa viwandani waliopoteza kazi waliwaelekea zaidi Wakomunisti kuliko Wanazi, chama cha Hitler.

Dhana: Wanaomfuata ni wajinga wasiojua maslahi yao.

Ukweli: Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, maana anayeisema hujipa ruhusa ya kutowasikiliza watu hao. Kiwanda kikifungwa, mshahara hauondoki peke yake. Tawi la chama cha wafanyakazi linakufa, na pamoja nalo yule mwakilishi aliyejua shida za kila mmoja na kuzifikisha mezani kwa mwajiri. Marekani ya miaka ya 1950, karibu theluthi ya wafanyakazi walikuwa wanachama wa vyama hivyo. Leo ni takribani mmoja kati ya kumi. Mbabe huingilia hapo. Anaahidi kuwapigania, kisha anawaonyesha adui wanayekutana naye mtaani, yaani mhamiaji, huku wenye hisa waliohamisha kiwanda hawaonekani popote. Na wakati mwingine huleta kitu mkononi. Mwaka 2016 serikali ya PiS, chama cha kizalendo cha mrengo wa kulia nchini Poland, ilianza kulipa zloti 500 kila mwezi kwa kila mtoto kuanzia wa pili. Mzazi aliyezipokea hakuwa ndotoni.

Dhana: Basi mbabe ni mtetezi wao.

Ukweli: Tazama anavyovitendea vyama vyao. Mwaka 1933 Wanazi waliifanya Mei Mosi sikukuu ya taifa yenye malipo, na viongozi wa vyama wakawahimiza wanachama wao washiriki. Kesho yake, tarehe 2, ofisi za vyama hivyo zilivamiwa nchi nzima, viongozi wakakamatwa, mali ikachukuliwa. Hungaria, Desemba 2018, wabunge wa Viktor Orbán, waziri mkuu wa wakati huo, walipandisha kikomo cha saa za ziada kutoka 250 hadi 400 kwa mwaka, na kumruhusu mwajiri kuchukua hadi miaka 3 kukamilisha malipo ya saa hizo. Waandamanaji wakaiita sheria ya utumwa.