Ugali umesingiziwa: dhana potofu kuhusu kupunguza uzito, na ukweli wake

Mtu akiamua kupungua, hukumu ya kwanza huwa ileile: "Nimeacha ugali." Wiki mbili baadaye bado anakunywa chai ya vijiko vitatu vya sukari asubuhi, saa nne anashushia chapati mbili, na jioni anapita kibanda cha chipsi kwa sababu njaa imemzidi. Ugali kauacha kweli. Kitambi kipo palepale.

Mambo ya kuhesabu kalori, yaani nguvu iliyomo kwenye chakula, hayawafai watu wengi wa kwetu, na sioni aibu kulisema. Mama lishe hakupimii wali kwa mizani, na nyumbani watu sita wanapakuliwa kutoka sufuria moja. Kinachobadilika ni mazoea: kinachonunuliwa, kinavyopikwa na kinavyopakuliwa. Humo ndimo zilimojaa imani ambazo zikichunguzwa hazisimami.

"Wanga ndio unaonenepesha"

Gramu moja ya wanga ina takriban kilokalori 4. Protini nayo 4. Mafuta yana 9. Kwa hiyo vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya kupikia vina nguvu inayokaribiana na bonge la ugali la gramu 200, na bonge hilo walau unaliona, unalitafuna na linashika tumboni. Mafuta huyaoni. Yamo.

Tazama mchicha unavyoungwa. Chupa inainamishwa juu ya sufuria, mkono unapima kwa mazoea, kitunguu kinaogelea, nyanya inafuata, kisha fungu zima la mchicha linatiwa na kusinyaa mpaka linabaki konzi moja. Maji yamekauka, mafuta hayajaenda popote. Mlaji anaamini kala majani, na siku nzima anajisifu kwamba leo kala "chakula chepesi". Samaki aliyekaangwa kisha akaungwa kwenye rosti amepita kwenye mafuta mara mbili. Chapati hupakwa mafuta inaposukumwa na inapochomwa pia. Halafu lawama zote unatupiwa ugali, ambao umepikwa kwa unga na maji tu.

Njia rahisi ya kujua nyumba yenu inatumia mafuta kiasi gani haihitaji hesabu ya kila mlo. Mkifungua chupa ya lita moja, bandika kipande cha plasta na uandike tarehe. Ikiisha, angalia siku. Familia ya watu wanne inayomaliza lita moja kwa siku tano inakula wastani wa zaidi ya vijiko vitatu vya chakula vya mafuta kwa kila mtu kila siku, bila kuhesabu maandazi ya asubuhi na chipsi za njiani. Mkiisogeza chupa hiyo ifike siku kumi, mmepunguza nusu, na hakuna aliyeambiwa apunguze tonge. Kinachosaidia ni kumimina kwa kijiko badala ya mdomo wa chupa, kukaanga kitunguu kwa mafuta kidogo na kuongeza maji kidogokidogo kinapotaka kuungua, kuchemsha maharage mpaka yaive vizuri yajitengenezee mchuzi wake, na samaki kuchomwa au kupikwa mchuzi mbichi.

Nazi nayo isamehewe kwa kiasi. Tui ni mafuta, lakini wali wa nazi wa Ijumaa si mkosaji mkubwa kama kukaanga kila siku.

Kuhusu kushiba, kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney wa mwaka 1995 ambao ningependa ubandikwe kwenye kila kibanda cha chipsi. Susanna Holt na wenzake waliwapa watu vyakula 38 vyenye kiasi sawa cha nguvu, kisha wakapima nani kashiba vipi. Viazi vya kuchemsha viliongoza vyote, vikishibisha zaidi ya mara tatu ya mkate mweupe. Viazi hivyohivyo vilipokaangwa chipsi vilishuka mpaka karibu na mkate. Kiazi hakina kosa, kosa ni kikaango.

Hili halimaanishi mlima wa ugali hauna neno. Sahani zetu nyingi zimepinduka: ugali nusu na zaidi, kipande cha nyama, na mboga ya kupambia pembeni. Igeuze. Nusu ya sahani iwe mboga za majani na kachumbari, robo maharage, dagaa, samaki au nyama, robo inayobaki ndiyo ya ugali au wali. Anza na mboga na maharage, halafu uende kwenye tonge. Na ukiwa unakula sinia moja na wenzako, usishindane nao kasi. Taarifa ya kushiba huchukua takriban dakika 20 kutulia kichwani, na kwenye sinia dakika 20 ni nyingi mno.

"Bila kuhesabu kalori huwezi kupungua"

Mwaka 2018 Christopher Gardner wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alichapisha matokeo ya utafiti wa watu wazima 609 waliofuatiliwa miezi 12. Nusu walipunguza mafuta, nusu walipunguza wanga. Hakuna kundi lililopewa kikomo cha kalori. Wote waliambiwa wale mboga kwa wingi, waache sukari na unga uliokobolewa kadiri wawezavyo, na wapike chakula halisi nyumbani. Waliopunguza mafuta walipungua wastani wa kilo 5.3, na waliopunguza wanga kilo 6.0, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Ndani ya kila kundi kulikuwa na waliopungua sana na walioongezeka.

Kwangu mimi hapo ugomvi wa wanga na mafuta unapoa. Ukishaondoa soda, maandazi, biskuti na vya kukaanga, kilichobaki mezani kinajidhibiti chenyewe.

Mwaka uliofuata, Kevin Hall wa taasisi za taifa za afya za Marekani aliwaweka watu 20 ndani ya kituo, wiki mbili wakila vyakula vilivyosindikwa sana viwandani na wiki mbili vyakula vya kawaida, wakiambiwa wale watakavyo. Milo iliyowekwa mbele yao ilisawazishwa kwa sukari, mafuta na nyuzinyuzi. Hata hivyo, kwenye vya viwandani walikula takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku, wakaongezeka karibu kilo moja, na kwenye vya kawaida wakapungua kiasi hichohicho. Walikula pia kwa kasi zaidi. Anayeficha pakiti ya biskuti kwenye droo ya ofisi ajue hapambani na utashi wake peke yake.

"Juisi haina shida, ni matunda"

Machungwa manne au matano huwezi kuyala kwa mkupuo. Glasi moja ya juisi yake unaimaliza ukiwa umesimama, na vibanda vingi vinaongeza sukari juu yake. Nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio, utamu wote umepita. Juisi ya miwa ni sukari na maji, hata ikikamuliwa na ndimu na tangawizi mbele ya macho yako. Asali na sukari ya kahawia, vivyo hivyo, mwilini ni sukari.

Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Hiyo asilimia 5 kwa mtu mzima ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa. Vikombe viwili vya chai ya vijiko vitatu vimeshaufikia mpaka huo kabla ya saa nne asubuhi, na vijiko vyetu huwa vya kilima. Soda ya chupa ya mililita 350 ina sukari ya vijiko kama vinane hadi tisa.

Habari njema ni kwamba ulimi unafundishika. Shusha nusu kijiko, kaa hapo wiki mbili, shusha tena. Weka iliki, tangawizi au mdalasini chai isiwe tupu. Anayeacha sukari ghafla siku ya Jumatatu mara nyingi Alhamisi anairudia na riba.

"Nikifanya mazoezi, nile nitakacho"

Jibu zuri linatoka Tanzania hapahapa. Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi huwinda, huchimba mizizi na kurina asali. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nguvu wanayotumia miili yao kwa siku. Wanaume walikuwa wakitembea wastani wa kilomita 11 hivi, wanawake karibu 6. Pamoja na hayo, ukishazingatia ukubwa wa mwili, nguvu waliyotumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokwenda kwa magari. Mwili una namna ya kufidia: ukiutumikisha huku, unabana matumizi kule.

Mazoezi yana kazi yake, na kubwa: shinikizo la damu, sukari, usingizi, na kuzuia kilo zilizopungua zisirudi. Ila kukimbia nusu saa ufukweni kisha kujizawadia chipsi mayai na soda ni kurudi ulikotoka na zaidi. Na kupiga sit-apu mia hakuchagui mafuta ya tumboni. Nyama uzembe zinapungua mwili mzima unapopungua.

"Ruka mlo, funga, usile usiku"

Chai ya asubuhi si lazima kwa kila mtu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la kitabibu la BMJ yalionyesha kuwa wanaokula asubuhi hawakuwa wembamba kuliko wasiokula. Ila ukiruka kisha saa saba ukala kama unalipiza kisasi, hujafanya kitu. Watu wengi wa pwani wanaijua hali hii kutoka Ramadhani. Mchana mzima hakuna kinacholiwa, lakini futari ina kaimati, tambi, mihogo ya nazi, sambusa na juisi, kisha daku, na Idi inafika kanzu imebana. Usiku nao hauna uchawi. Mara nyingi kinachoharibu ni kuwa ndio mlo mkubwa kuliko yote, mbele ya televisheni, baada ya siku ya kujinyima.

Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asiruke mlo bila kuongea na daktari wake, sukari inaweza kushuka kwa hatari. Mjamzito naye hii si habari yake. Na uzito ukiongezeka ghafla bila mabadiliko ya chakula, au baada ya kuanzishiwa dawa mpya, nenda kapime kwanza.

"Kuna chai inayoondoa kitambi wiki moja"

Nyingi ya hizo ndani yake mna sanamaki, majani ambayo bibi zetu waliyatumia kutibu kufunga choo. Ukiharisha maji yanatoka, mizani inashuka, mafuta yako yapo. Hata wiki ya kwanza ya kupunguza wanga inadanganya kidogo: mwili huhifadhi akiba ya wanga pamoja na maji, takriban gramu tatu za maji kwa kila gramu ya akiba, na maji hayo ndiyo yanayotoka kwanza. Kasi ya kweli ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, na mara nyingi chini ya hapo. Dawa za vichochoroni zina hatari zaidi. Sibutramini, dawa ya kupunguza hamu ya kula iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa madhara ya moyo na mishipa, imekutwa mara nyingi ndani ya bidhaa zinazojiita za asili.

"Dayati ni ya wenye hela"

Oti, tufaha na mafuta ya zeituni si sharti. Mafuta ya zeituni yana nguvu sawa na ya alizeti ya Singida. Dona lina nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe. Maharage, kunde, choroko, dagaa, matembele, bamia, papai na viazi vitamu vya kuchemsha vinapatikana sokoni, na gharama kubwa ya mlo wa mjini huwa kwenye soda, mafuta na vitafunwa vya kukaanga.

Ugumu upo kwa watu, si kwa bei. Kwetu kunenepa ni kupendeza, na ukipungua shangazi atakuuliza kama unaumwa. Kama mpishi wa nyumba si wewe, hutabadilika peke yako: kaa naye mkubaliane kuhusu mafuta na sukari, na usidai upikiwe sufuria yako, maana hilo halitafika mwezi. Nunua mboga wewe, zikatekate wewe. Vitafunwa visiingie ndani, kwa sababu kilichomo kabatini kitaliwa.

"Nimekula pilau ya harusi, nimeharibu"

Kwa wiki mtu hula milo 21 hivi. Mmoja ni wa harusi. Kula pilau, weka kachumbari ya kutosha, kunywa maji badala ya soda ya tatu, usirudie sahani kwa sababu tu mpakuaji ni binamu yako. Jumapili usijinyime kulipia Jumamosi, amka ule kama ilivyo kawaida yako. Mizani usiisogelee mpaka Jumatano, chumvi ya pilau huzuia maji mwilini siku moja mbili na namba itakayotokea itakutisha bure.