Kuua prosesi kutoka ndani ya programu: anza na 15, siyo 9

Prosesi (programu inayoendeshwa) ikiganda, mkono wa kwanza wa wengi wetu tunaotengeneza mifumo ya maduka hapa Dar ni ishara ya 9, SIGKILL (ishara ni ujumbe mfupi unaotumwa kwa prosesi kwenye mifumo kama Linux). Inaua kweli, lakini ndiyo inayoharibu data. Ishara hiyo haiwezi kudakwa: kaneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, inaikata prosesi papo hapo. Chukua programu ya duka la Kariakoo inayoandika ripoti ya mauzo jioni. Ikikatwa katikati, faili linabaki nusu, na lile faili la kufuli, linalozuia programu kuwashwa mara mbili, halifutwi. Asubuhi programu inaliona kufuli, inakataa kuwaka, na wateja wako kaunta.

Ishara ya 15, SIGTERM, ni ombi. Prosesi iliyoandikwa vizuri huidaka, hufunga faili zake, ndipo hutoka.

Kwenye Python, p ikiwa ni prosesi uliyoianzisha kwa subprocess.Popen, ita p.terminate(), kisha p.wait(timeout=10). Muda ukipita utapata kosa la TimeoutExpired. Idake, ita p.kill(), halafu ita p.wait() tena. Hii ya mwisho husahaulika sana. Kwenye Linux, prosesi iliyokufa bila mzazi wake (prosesi iliyoianzisha) kuuliza imekufaje hubaki kuwa zombi, na amri ya ps huionyesha kwa herufi Z. Haili RAM, ila inashikilia namba yake, na zombi wakirundikana namba za prosesi mpya huisha.

Tatizo sugu zaidi ni watoto, yaani prosesi zinazoanzishwa na prosesi yako. Ukianzisha amri kwa shell=True, mara nyingi p ni sheli tu (programu inayopokea amri na kuziendesha); unaiua sheli, kazi yenyewe inaendelea chini kwa chini na kushika poti ya mtandao. Anzisha kwa start_new_session=True, kisha uue kundi zima kwa os.killpg(p.pid, signal.SIGTERM).

Kompyuta za kaunta zenye Windows ni habari nyingine: kule terminate() na kill() ni kitu kimoja, zote hukata bila onyo. Afadhali programu isikilize neno la kufunga kupitia stdin (njia yake ya kupokea maandishi).

Namba ya prosesi usiihifadhi kwenye faili ukaitumia kesho. Namba hurudiwa, unaweza kuua prosesi isiyo yako.

Mwisho, andika p.returncode kwenye logi. -15 imetii ombi bila kulidaka, -9 imekatwa. Ukikuta -9 ambayo hukuituma, angalia dmesg (amri inayoonyesha ujumbe wa kaneli): mara nyingi RAM iliisha na kaneli ikaiua yenyewe.