Kuvuna Umeme Unaozunguka Nyaya Kubwa: Dhana Potofu na Ukweli

Wengi huamini kwamba nyaya za msongo mkubwa humwaga nishati hewani usiku na mchana, na kwamba anayeitega kwa koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, aliyoiweka chini ya nyaya hizo anaokota tu kilichokwisha kutupwa. Dhana hii ndiyo inayozaa nyingine zote, nayo si kweli. Mkondo geu, yaani umeme unaobadili mwelekeo tena na tena, hujenga uga wa sumaku (ugasumaku) na uga wa umeme, yaani maeneo ya nguvu hizo, kuzunguka waya, lakini nishati iliyomo katika nyuga hizo hutoka kwenye laini na kuirudia tena na tena ndani ya kila sekunde, wala haiondoki kwenda kupotea. Kwa umeme wa hezi 50, urefu wa wimbi ni kilomita 6,000, hivyo laini haitendi kazi kama mnara wa redio, na kinachoponyoka kwa njia ya mawimbi ni kidogo mno. Upotevu halisi wa laini ni joto la nyaya zenyewe, pamoja na ule mvujo wa chaji hewani ambao husikika ukivuma kwenye nyaya za msongo mkubwa, hasa wakati wa mvua. Hakuna koili inayoweza kuliokota joto hilo.

Koili hufanya jambo tofauti kabisa. Kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831, ugasumaku unaobadilika husukuma umeme katika waya uliozungushwa karibu nao. Na pindi taa au betri inapounganishwa na waya huo, mkondo wake nao hujenga ugasumaku unaoupinga ule wa laini. Laini na koili huwa transfoma moja, ingawa ni dhaifu, na kila wati inayotumika upande wa koili huchotwa kwenye laini, na chanzo chake ni jenereta. Kutogusa waya hakubadilishi lolote katika hesabu hiyo. Wanaotetea uvunaji huu kwa mfano wa redio ndogo za zamani, zilizosikika bila betri kwa nguvu ya mawimbi ya kituo pekee, wanasahau kwamba mawimbi yaliyokwisha kufika mbali na mnara hayarudi tena, na anayeyapokea hamwongezei mrushaji mzigo wowote.

Dhana nyingine ni kwamba umeme huo ni mwingi, unatosha nyumba nzima. Mwaka 2004 msanii Richard Box alisimika mirija ya taa 1,301 chini ya nyaya kubwa huko Uingereza, nayo ikang'aa gizani bila kuunganishwa na chochote. Picha zake zimewapotosha wengi, kwa sababu mrija wa aina hiyo hutoa mwanga hafifu hata kwa mkondo mdogo sana. Ni afadhali kupiga hesabu. Tuchukue mahali penye ugasumaku wa maikrotesla 10 (tesla ni kipimo cha nguvu ya ugasumaku), kiwango kinachowezekana karibu na laini yenye mkondo mkubwa, na tuweke koili ya mizunguko 100, yenye pande nne za mita moja moja, yaani eneo la mita moja ya mraba. Volti zitakazopatikana ni takriban 0.3. Koili hiyo imekula mita 400 za waya wa shaba. Ukiwa na unene wa milimita moja ya mraba, ukinzani wake ni karibu omu 7, na nguvu kubwa kabisa inayoweza kupatikana, kila kitu kikiwa kimepangwa sawasawa, haifiki miliwati 4. Taa ndogo ya kawaida ya kuonyeshea kwamba redio imewashwa, ikiwaka kwa nguvu yake kamili, huhitaji takriban mara kumi ya hiyo. Anayetaka zaidi lazima aongeze shaba nyingi au asogee karibu na nyaya, na huko kwenye nyaya ndiko kifo kilipo, kwa kuwa umeme wa msongo mkubwa huruka hewani bila kusubiri kuguswa.

Wapo wanaodai kwamba sheria haiwezi kumshika mtu ambaye hakuunganisha waya wala kuchezea mita. Kweli, majaji wa zamani walitatizika na swali la kama umeme ni kitu kinachoweza kuibwa. Nchini Ujerumani mahakama ya juu ililikataa wazo hilo mwaka 1899, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria mahususi. Kifungu kinachotumika leo hutaja kuchota umeme wa mwingine kwa kipitishi, yaani kitu kinachopitisha umeme kama waya, kisichokusudiwa kwa kazi hiyo, wala hakisemi kwamba kipitishi lazima kiguse laini. Uholanzi ilifika huko kwa njia nyingine, pale mahakama yake ya juu ilipoamua mwaka 1921, katika kesi ya daktari wa meno aliyeisimamisha mita yake, kwamba umeme ni mali inayoweza kuibwa. Uingereza, katika Sheria ya Wizi ya mwaka 1968, kifungu cha 13, humhesabia kosa anayetumia umeme bila idhini na kwa udanganyifu, na adhabu yaweza kufika kifungo cha miaka mitano.

Neno udanganyifu lina uzito wake. Uzio mrefu wa waya unaopita chini ya laini hujichaji, na ushauri sahihi ni kuuunganisha na ardhi ili usimrushe mtu au mnyama. Mkondo mdogo hupita hapo kuelekea ardhini, tena kutoka kwenye laini ile ile, lakini hakuna anayemwita mwenye uzio mwizi, kwa sababu analinda uhai na hanufaiki kwa siri. Aliyezika koili mkuzani, yaani katika ukanda wa ardhi unaopitiwa na laini, ili aijaze betri yake amekusudia kutumia kisicho chake, na udogo wa alichopata hupunguza ukubwa wa kosa bila kuligeuza kuwa haki. Hata hoja kwamba shirika la umeme ni tajiri naiona dhaifu, kwani umeme usiolipiwa mara nyingi huishia kwenye bei wanayotozwa wateja wengine.

Mbinu yenyewe haina ubaya. Mashirika ya umeme hufunga kwenye nyaya zao vifaa vya kupima joto na mkondo, na baadhi yake hujiendesha kwa ugasumaku wa waya ule ule vinaoupima. Anayetaka kufanya majaribio ya namna hiyo akiwa na idhini ya mwenye laini havunji sheria hizi za wizi, na majibu mengi atayapata mezani kwake, kwa koili mbili na chanzo salama cha volti chache.