Utafiti-tendaji: maana yake kwa mwanachuo wa ualimu

Utafiti-tendaji ni uchunguzi ambao mwalimu anaufanya ndani ya darasa lake mwenyewe, kuhusu tatizo linalomkabili katika kufundisha, akitafuta njia ya kulitatua huku akiendelea kufundisha. Anayechunguza ndiye anayetenda. Hatoki nje kwenda kuwasaili watu kuhusu shule wasizozijua vizuri, wala hasubiri mtaalamu aje kumwambia darasa lake lina nini.

Jina la Kurt Lewin ndilo linalotajwa zaidi katika chimbuko la dhana hii. Alikuwa mwanasaikolojia aliyeondoka Ujerumani mwaka 1933 akahamia Marekani, na mwaka 1946 akaeleza utafiti unaokwenda kwa mizunguko: kupanga, kutenda, kuangalia kilichotokea, kisha kupanga upya. Hakuwa akizungumzia shule hasa. Katika miaka ya 1970, Lawrence Stenhouse wa Uingereza ndiye aliyeshikilia kwa nguvu kwamba mwalimu naye ni mtafiti, na kwamba ufundishaji hauwezi kuboreka ikiwa walimu wanapokea tu matokeo ya uchunguzi wa wengine.

Hapa Uganda jambo hili limekuwa la karibu zaidi tangu Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019 itake kila mwalimu, hata wa shule ya msingi, awe na shahada. Masomo ya shahada kwa kawaida huambatana na utafiti na ripoti yake. Kwa hiyo walimu waliozoea cheti cha daraja la tatu, yaani cheti cha ualimu wa shule ya msingi, ambao wana miaka mingi darasani na wanawajua watoto vizuri, sasa wanaketi usiku wakihangaika na sura ya kwanza. Ninawaandikia hao, pamoja na vijana wanaojiandaa kufundisha Kiswahili katika sekondari, somo ambalo mtaala wa sekondari ya chini ulioanza 2020 uliliweka miongoni mwa masomo ya lazima katika madarasa ya mwanzo.

Tatizo la kwanza huwa ni mada. Mwanachuo huja na kitu kama “Sababu za wanafunzi kutofanya vizuri katika Kiswahili nchini Uganda”. Mada hiyo haiwezekani. Hana muda wa kuizunguka nchi, hana fedha, na hata angekuwa navyo, jibu lake lisingemsaidia kufundisha kipindi cha Jumatatu. Mwishowe huandika yale ambayo kila mtu ameshayasema: uhaba wa vitabu, uhaba wa walimu, mtazamo hasi wa jamii. Yote ni kweli, lakini hakuna hata moja alilolichunguza.

Sasa tumweke katika shule moja ya Masaka, kwenye mazoezi ya kufundisha, darasa la kwanza la sekondari. Anasahihisha insha na kuona “habali”, “lafiki”, “dalasa”. Katika madaftari yaleyale anaona pia “piri”, “erimu”, “kerere”. Mwalimu aliyechoka atasema hawa watoto hawajui l na r, atapiga mstari mwekundu na kuendelea. Mtafiti atasimama hapo na kuuliza: je, wanakosea ovyo, au kuna utaratibu?

Utaratibu upo. Katika Luganda, lugha ya wengi huko Masaka, sauti hizi mbili hazibishani. Baada ya irabu e na i husikika r, na kwingineko kote husikika l. Mtoto anayeandika “habali” na “piri” anafuata kanuni ya lugha yake kwa uaminifu kabisa. Ndiyo maana “dirisha” na “kalamu” hazimsumbui: katika maneno hayo Kiswahili na Luganda vinakubaliana. Mtazame sasa mwenzake aliyepangiwa shule ya Mbarara. Kwa wasemaji wa Runyankore, herufi l ni adimu, kwa hiyo huko atategemea kuona r ikijitokeza hata baada ya a na u. Aliyepelekwa Gulu atakutana na wasemaji wa Kiacholi, ambao lugha yao ina l na r kama sauti mbili tofauti, na huenda tatizo hili asilione kabisa. Mada ileile, nchi ileile, na majibu matatu. Hii ndiyo sababu kubwa inayonifanya niamini utafiti-tendaji unatufaa sisi kuliko tafiti pana zenye hojaji ndefu.

Mwanachuo wa Masaka basi anakusanya insha na kuhesabu. Tuseme anapata makosa 86 ya l na r, na 71 kati yake yanafuata kanuni ya Luganda. Hiyo ni data. Kisha anabuni hatua: badala ya kuwakemea, anawaonyesha wanafunzi kanuni yao wenyewe ubaoni, halafu kwa wiki tatu anawapa mazoezi ya maneno yale tu ambayo Kiswahili kinakwenda kinyume na Luganda. Baadaye anaomba insha nyingine yenye urefu uleule, anahesabu tena, na analinganisha. Kati ya hesabu hizo mbili anaandika shajara kila baada ya kipindi: alifanya nini, nani aliuliza nini, wapi somo lilikwama. Shajara iandikwe siku hiyohiyo. Ikisubiri wiki, kumbukumbu huanza kupendelea yale tuliyotaka yatokee.

Katika uandishi wa ripoti, ninachokitafuta zaidi ni umahususi. Sentensi kama “wanafunzi wengi walionyesha maendeleo makubwa” haimpi msomaji chochote. Wengi ni wangapi? Maendeleo katika nini? Andika idadi, andika tarehe, nukuu neno alivyoliandika mwanafunzi bila kulisahihisha. Ikiwa chuo kinataka ripoti kwa Kiingereza, mifano ibaki katika Kiswahili chake, kwa sababu ushahidi uko katika herufi zenyewe. Mawazo ya waandishi wengine yatajwe kuwa ni yao palepale yanapotumika, na sura ya kupitia maandiko iseme yanahusianaje na swali lako. Kupanga nukuu moja baada ya nyingine hakutoshi.

Lazima niseme pia kuhusu ripoti zinazonunuliwa. Karibu na vyuo kuna vibanda vya kuchapa ambako mtu hulipa akapewa utafiti uliobadilishwa jina la wilaya. Huo ni wizi wa maandishi, na adhabu yake inaweza kuwa kufutiwa matokeo. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba anayeununua ananyimwa ujuzi uleule atakaouhitaji miaka 30 ijayo, atakapokuwa peke yake mbele ya watoto 90 na hakuna mkufunzi wa kumuuliza. Utafiti-tendaji ni mgumu kuughushi: kila mwanafunzi ana makosa yake, na msimamizi akiomba kuyaona madaftari, ama yapo ama hayapo.

Ruhusa ni ya lazima. Mwalimu mkuu aelezwe mapema, kwa maandishi, na wanafunzi waambiwe kwa lugha wanayoielewa kwamba insha zao zitatumika na kwamba alama zao hazitaathirika. Majina yao yasiingie katika ripoti. Herufi au namba zinatosha.

Na kama baada ya wiki tatu makosa yamebaki 84? Wanachuo wengi huingiwa na hofu hapo, na baadhi hushawishika kuzirekebisha namba. Hakuna sababu ya kufanya hivyo. Ripoti inayosema “nilijaribu hivi, haikufaa, na shajara inaonyesha kwamba wanafunzi waliijua kanuni walipokuwa ubaoni lakini waliisahau walipoandika haraka” ni ripoti kamili, na swali la mzunguko wa pili tayari limo ndani yake: zoezi gani litawafanya waikumbuke wanapoandika haraka?