Je, wajua kwa nini pesa za bandari ya Lamu zilikuwa zetu lakini mjenzi akatoka China?

Swali hili nilitupiwa na ami yangu pale Mkunguni, hapa mjini Lamu, tumekaa barazani na kahawa baada ya alasiri. Akaniambia, "Mwanangu, wewe ndo umeshinda na hawa makontrakta miaka yote, hebu nieleze. Ile bandari ya Kililana pesa zilitoka serikali yetu, hatukukopa kwa Mchina. Sasa mbona kazi akapewa Mchina?" Nikaanza kumjibu, magharibi ikaadhiniwa bado sijafika nusu, ndo nikaona bora niandike kwasababu najua si yeye peke yake anayejiuliza.

Na kweli ami hakukosea. Kililana ndo pale bandari ya Lamu ilipo, na magati matatu ya kwanza yalijengwa kwa pesa za serikali ya Kenya, kama dola milioni 480 hivi, mkataba ukasainiwa 2014 na gati la kwanza likafunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Aliyejenga ni China Communications Construction Company, wenyewe wanaiita CCCC, kampuni ya serikali ya China iliyo na makao makuu Beijing.

Watu wengi wanadhani siri ni ufundi, eti sisi hatujui kumwaga zege. Sio ivo. Zege Mkenya anamwaga, na mawe Waamu wamepanga karne nzima na nyumba bado zimesimama. Shida inaanza chini ya maji. Meli kubwa zinataka kina, na pale Kililana ilibidi bahari ichimbwe mpaka mita 17.5, hapo unahitaji zile meli maalum zinazofyonza mchanga kutoka sakafu ya bahari na kwenda kuumwaga kwengine. Meli kama hizo ni ghali kupita kiasi na wenye nazo nyingi duniani wanahesabika: Ubelgiji kuna Jan De Nul na DEME, Uholanzi kuna Boskalis na Van Oord, na China ndo hao CCCC wenyewe. Afu CCCC ndani ya nyumba yao wana pia ZPMC, watengenezaji wa makreni ya bandari, yale marefu ya kushusha makontena unayoyaona bandari nyingi duniani. Yaani mtu huyo huyo anachimba bahari, anajenga gati, na akitaka anakuuzia na kreni. Kontrakta wa Mombasa au Nairobi angeingia kwenye tenda ile ingembidi akodi meli kwa mshindani wake mwenyewe.

Lakini kuna jambo lingine halionekani kwa macho na mimi naona ndo kubwa zaidi: dhamana. Ukishinda tenda lazima benki iseme, huyu akishindwa kazi sisi tutalipa. Sheria yetu ya manunuzi inaruhusu dhamana ya mpaka asilimia 10 ya bei. Asilimia 10 ya dola milioni 480 ni dola milioni 48, na benki haiandiki karatasi ya namna hiyo kwa mtu mwenye malori sita na ofisi ya kupanga. Juu yake kuna masharti ya tenda yenyewe, onyesha kazi kama hii uliyowahi kufanya, onyesha mauzo yako ya mwaka, onyesha mashine zako. Sasa utaonyeshaje bandari uliyojenga wakati hakuna aliyewahi kukupa bandari ujenge? Hapa ndo vijana wetu maijinia wanapokwama, na naumia kusema nimeona wazuri kabisa wakikwama hapo.

Na hata ukiipata kazi, malipo yanakuja kwa vyeti vya kazi iliyokwisha, unafanya kwanza, kazi inakuja kupimwa, ndo unalipwa, na baina ya kupimwa na kulipwa miezi inaweza kupita. Niliwahi kufanya kazi na kontrakta mdogo wa hapa pwani, kazi ya barabara fupi tu, cheti kimesainiwa na pesa hazionekani, mwisho akauza tingatinga lake ili awalipe vibarua. Kampuni kubwa inaweza kungoja mwaka mzima. Nguvu ya kungoja ni mtaji pia, japo hakuna anayeutaja.

Ami akaniuliza tena, haya, na wao wanatafuta nini huku kwetu, kwao hakuna kazi? Jibu ni kwamba kwao kazi imepungua. Ulaya barabara na reli nyingi zimeshajengwa zamani, wanakarabati, na China imejijenga kwa kasi mpaka makampuni yake yakabaki na mashine na watu wengi kuliko kazi za nyumbani. Afrika ni kinyume. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikadiria bara letu linahitaji dola bilioni 130 mpaka 170 kila mwaka kwa miundombinu, na kila mwaka panapungua bilioni 68 mpaka 108. Sisi tunaona shimo, mwenye kampuni ya kihandisi anaona soko.

Sasa sikiliza hii maana ndo iliyomfanya ami aweke kikombe chini. Ile China Road and Bridge iliyojenga reli ya SGR ya Mombasa kwenda Nairobi ni mtoto wa CCCC. Barabara ya juu ya Nairobi, ile Expressway ya kilomita 27, ni hao hao. Ukoo mmoja umejenga Kenya kazi tatu kubwa na kila moja imelipwa kwa njia yake. Lamu serikali ililipa kutoka mfukoni. SGR, asilimia kama 90 ilikuwa mkopo wa benki ya Exim ya China, kwahivo kontrakta analipwa pesa za kwao na deni linabaki kwetu, kazi imeuzwa pamoja na mkopo wake. Expressway wameweka pesa wao na wanazirudisha kwa kuchaji magari kwa miaka 27. Ukiiona kreni imesimama mahali usiulize tu nani anajenga, uliza imelipwa kwa njia ipi katika hizo tatu, utajua nani atakuwa anadaiwa wajukuu wakikua.

Na sio Wachina pekee. Siemens ya Ujerumani mwaka 2015 ilisaini na Misri mkataba wa yuro bilioni 8, ndani yake vituo vitatu vya umeme wa gesi vyenye megawati 14,400 kwa pamoja, na baada ya kujenga ikapata pia kazi ya kuvitunza. Matunzo ndo utamu wenyewe. Mtambo unauzwa mara moja, spea na mafundi vinauzwa miaka na miaka.

Lakini hasara pia ipo, na tena kubwa. Kule Turkana mashine 365 za upepo zilisimama tayari mwaka 2017 lakini umeme hauna pa kupita, kwasababu Isolux ya Uhispania iliyokuwa ikijenga laini mpaka Suswa ilifilisika njiani. Laini ikamalizwa na wengine 2018, na Kenya ikalipa fidia ya mabilioni kwa umeme ambao haukumfikia mtu.

Hapa kwetu Lamu pia. Kwasasi palikuwa pajengwe kituo cha umeme wa makaa cha megawati 1,050, na General Electric ya Marekani ikatangaza mwaka 2018 kwamba itaingia. Juni 2019 mahakama ya mazingira ikafuta leseni, moja ya sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na mwaka uliofuata GE ikasema inaacha kabisa kujenga vituo vipya vya makaa. Walioenda mahakamani ni watu wa Lamu, na najivunia hilo. Hata kwa bandari, 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi kama 4,600 wafidiwe shilingi bilioni 1.76 kwa bahari waliyoharibiwa.

Mpango wa bandari ni magati 32. Yamejengwa matatu, yaliyobaki yanatarajiwa wawekezaji binafsi waje, kwahivo makampuni kama haya yatarudi tu. Hapo ami akaniuliza swali la mwisho: "Na sisi je, wenye mashua na matimbo ya mawe?"

Nikamwambia sheria ya manunuzi ya 2015 inataka kampuni ya kigeni inayoomba tenda ya kimataifa ichukue angalau asilimia 40 ya mahitaji yake kwa makontrakta raia wa Kenya, na inasema ifanye ivo kabla ya kupeleka tenda. Kabla. Manake siku meli zao zitakapotia nanga Manda Bay, ghuba ya hii bandari yetu, ile orodha ya nani atauza mawe, nani mchanga, nani usafiri wa boti, imeshaandikwa zamani, na aliyemo ni yule aliyekuwa na kampuni imesajiliwa na cheti cha ushuru mkononi wakati tenda bado iko gazetini. Ami ana mashua mbili na mtoto wa dada yake ana timbo upande wa Hindi, huko Lamu bara, hakuna hata mmoja aliyesajili. Jumatatu tunavuka Mokowe asubuhi na vitambulisho vyao, mimi ndo nitakayewajazia fomu.