Je, wajua kwa nini duka lenye wafuasi mia kadhaa huweza kuuza kuliko lenye maelfu?

Chukua maduka mawili ya madera pale Kariakoo, Dar es Salaam, yanayochukua mzigo kwa muuzaji wa jumla mmoja. Yote yako Instagram. La kwanza lina wafuasi wengi na simu kimya. La pili lina wachache, lakini kila jioni bodaboda inapeleka vifurushi vyake kwenye mabasi ya mikoani.

Tofauti huanzia kwenye maswali ya wateja. “Mnatuma Mwanza?” “Saizi kubwa ipo?” Wa kwanza anajibu, anasahau. Wa pili ana daftari: saizi kubwa ikiulizwa wiki nzima, safari ijayo ya kufuata mzigo anafungasha saizi kubwa nyingi zaidi. Mwaka 2007 mchumi David Teece aliandika kwamba uwezo wa namna hii una sehemu tatu: kuhisi mabadiliko, kuchangamkia fursa na kupanga upya ulichonacho. Mama wa madera anazifanya zote tatu kwa kalamu na daftari.

Kisha anaijua mitambo anayoitumia. Stetasi ya WhatsApp humfikia mtu pale tu ninyi wawili mmehifadhiana namba, na hudumu saa 24. Ujumbe wa kutuma kwa wengi kwa mpigo nao huwafikia waliokuhifadhi tu. Ndiyo maana kila anayenunua huambiwa, “Nisevu, mzigo mpya ukiingia uone,” naye muuzaji anaisevu ya mteja hapohapo. Kwa biashara yake, namba moja iliyohifadhiwa ina thamani kuliko “like” hamsini za wapita njia. WhatsApp Business, iliyotoka 2018, humwezesha kubandika lebo kwenye mazungumzo: huyu ameagiza, huyu hajalipa, huyu ameshalipa. Hakuna anayesahauliwa.

Ile tabia ya kuandika “bei inbox” siiungi mkono hata kidogo. Mteja mwenye haraka hasubiri.

Kazi ngumu zaidi ni kuufanya ujuzi huo uwe wa duka. Mara nyingi kijana mmoja ndiye anayeshika simu, na akiondoka, wateja huondoka naye. Kwa hiyo laini isajiliwe kwa jina la mwenye duka, neno la siri la Instagram alijue yeye, na daftari la maswali libaki kaunta, lisomwe kabla ya kila safari ya kufuata mzigo.